Sakafu ya Gereji Inayodumu: Zege Kwanza, Rangi Baadaye

Sakafu ya zege ndani ya gereji ina kazi nne kwa wakati mmoja. Inabeba uzito wa gari, inasuguliwa na matairi yenye mchanga, inadondokewa na mafuta, na inapokea unyevu unaopanda kutoka ardhini. Zege ni gumu, lakini limejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mafuta ya injini yakipenya humo huacha madoa yasiyotoka, na uso usiokingwa hutoa vumbi jeupe kila unapofagiwa. Kuipaka sakafu hiyo kinga ni kuziba vitundu vyake na kuurefushia uso wake maisha. Kazi hii ikifanywa vizuri hutulia kwa miaka mingi. Ikifanywa vibaya hubanduka kabla ya msimu wa mvua unaofuata, na kuirekebisha ni kazi kubwa kuliko kuianza.

Katika sekta ya Nkanka, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, kazi hii ina masharti yake. Sekta hiyo iko kando ya Ziwa Kivu, jirani na mji wa Kamembe, kwenye vilima vinavyoshuka hadi majini. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana joto ni la wastani na usiku kuna ubaridi. Mvua ni za misimu miwili: moja huanza Septemba na kwenda hadi Desemba, nyingine hushika nguvu Machi hadi Mei. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti.

Katika nchi ya vilima, kiwanja cha nyumba mara nyingi hupatikana kwa kuchimba ubavu wa mlima: udongo hukatwa upande wa juu na kumwagwa upande wa chini ili pawe tambarare. Gereji iliyojengwa juu ya kiwanja cha namna hiyo hupokea maji ya ardhini upande wa juu, na upande wa chini hukaa juu ya udongo wa kujaza ambao huendelea kutitia kwa miaka kadhaa. Maji upande mmoja na udongo unaotitia upande wa pili vinaweza kuiharibu rangi ya sakafu mapema kuliko matairi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza si rangi gani inunuliwe. Swali la kwanza ni hali ya zege lenyewe.

Saruji haiko mbali na Nkanka. Kiwanda cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, kiko katika wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, kwenye bonde la Bugarama, na mwaka 2015 kilizindua mtambo mpya wenye uwezo wa kutoa tani zipatazo 600,000 kwa mwaka. Kwenye mifuko ya saruji huandikwa namba, mara nyingi 32.5 au 42.5. Namba hiyo ni nguvu ya saruji kwa kipimo cha megapaskali baada ya siku 28. Kwa sakafu itakayokanyagwa na gari, 42.5 ndiyo inayofaa, na 32.5 ibaki kwa kujenga kuta na kupiga lipu.

Sakafu nzuri huanzia chini. Udongo hushindiliwa, juu yake hupangwa mawe na kokoto, nayo hushindiliwa pia. Kisha hutandikwa shitingi ya plastiki yenye unene wa angalau milimita 0.2, ikipandana kwenye maungio na kupandishwa kidogo ukutani. Shitingi hiyo ndiyo ukuta kati ya maji ya ardhini na zege, na anayeiruka ili kuokoa fedha kidogo hataweza kuitia tena baadaye bila kuvunja sakafu. Zege la sentimita 10 linatosha gari dogo. Kwa lori linahitajika zege la sentimita 15. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vitatu vya kokoto, na mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 25 za maji, yakihesabiwa pamoja na yale yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Maji mengi hulainisha kazi ya mwiko, lakini yakikauka huacha vitundu vingi na uso dhaifu. Sakafu ielekezwe mlangoni kwa mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, ili maji ya kuoshea gari yatoke yenyewe.

Baada ya kumwagwa, zege hutunzwa likiwa limelowa kwa siku saba au zaidi, kwa kufunikwa magunia mabichi au shitingi. Saruji zilizochanganywa na mawe ya volkano yaliyosagwa hupata nguvu polepole zaidi, hivyo hufaidika na siku za ziada. Halafu lisubiriwe hadi litimize siku 28 kabla ya kupakwa rangi yoyote. Siku hizo ni za chini kabisa. Zege lililomwagwa wakati wa mvua za Aprili linaweza kuhitaji kusubiri hadi kiangazi cha Juni.

Kuna desturi moja ya mafundi ambayo mwenye gereji anapaswa kuifahamu mapema. Ili sakafu ing'ae, fundi hunyunyiza saruji kavu juu ya zege bichi na kulisugua kwa mwiko, au hupiga niru. Sebuleni uso huo hupendeza. Chini ya rangi ya gereji ni hatari, kwa sababu ni utando mwembamba usioshikamana vizuri na zege la chini yake. Rangi huushika utando, utando hubanduka, na vyote viwili huondoka pamoja na tairi. Nguvu ya rangi haiwezi kuzidi nguvu ya kile ilichokishika. Sakafu itakayopakwa rangi imalizwe kwa kibao cha mbao, isisuguliwe kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae.

Unyevu hupimwa kwa njia rahisi isiyohitaji mashine. Kipande cha plastiki angavu chenye upana wa sentimita 45 kila upande hubandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, kikaachwa angalau saa 16. Kikifunuliwa, matone chini ya plastiki au zege lililogeuka jeusi ni ushahidi kwamba maji yanapanda. Kipimo hiki kifanyike sehemu kadhaa, na hasa karibu na ukuta wa upande wa mlima. Kifanyike pia msimu wa mvua, kwa kuwa sakafu iliyo kavu Julai inaweza kuwa chemchemi Novemba. Maji yakionekana, dawa yake iko nje ya gereji: mtaro huchimbwa upande wa juu wa jengo, ukashuka chini ya usawa wa sakafu, ukajazwa mawe na kuelekezwa pembeni, na maji ya paa hukusanywa kwa mifereji yakapelekwa kwenye tangi au mbali na msingi. Hakuna rangi inayoweza kushindana na mlima mzima unaosukuma maji kutoka nyuma.

Baada ya kuijua hali ya zege, ndipo uchaguzi wa kinga unapowezekana. Zipo aina kuu tano.

Ya kwanza ni rangi ya mafuta ya kawaida, ile inayopakwa milango na madirisha. Hii haifai kabisa. Zege lina chokaa, na chokaa ikikutana na unyevu huyashambulia mafuta ya rangi na kuyageuza kuwa sabuni. Rangi hulainika, hunata na kuchubuka. Anayeuza rangi hiyo kwa ajili ya sakafu ya gereji hamsaidii mnunuzi.

Ya pili ni rangi ya sakafu ya akriliki, inayochanganywa na maji na kutoka kwenye kopo moja. Haina gharama kubwa, hupakwa kwa urahisi, huvumilia chokaa na hupitisha mvuke kiasi. Udhaifu wake ni tairi la moto. Gari likitoka safari, kama ile ya kupanda na kushuka barabara ya msitu wa Nyungwe, matairi huwa na joto, na mpira wenye joto hutoa kemikali zinazolainisha rangi. Tairi likipoa hunywea na kuivuta rangi juu. Baada ya miezi michache huonekana madoa manne yaliyobanduka mahali pale pale gari linapolala. Akriliki inafaa zaidi stoo au banda la pikipiki.

Ya tatu ni dawa ya kugumisha zege, ambayo ni silikati ya sodiamu au ya lithiamu iliyoyeyushwa katika maji. Hii haikai juu kama rangi. Hupenya ndani, hukutana na chokaa iliyo kwenye zege, na kutengeneza madini yale yale yanayolipa zege nguvu zake. Vitundu vya juu huzibika, vumbi hukoma, na uso huwa mgumu zaidi. Haibanduki kwa sababu hakuna cha kubanduka, na mvuke wa ardhini huendelea kupita bila kuleta malengelenge. Haibadilishi rangi ya sakafu, na mafuta yakiachwa muda mrefu bado yanaweza kutia doa.

Ya nne ni epoksi. Huja katika makopo mawili, la utomvu na la kigumishi, ambayo yakichanganywa huungana kikemia na kuwa ngozi ngumu isiyoyeyushwa na mafuta, petroli wala sabuni. Ipo ya kuchanganywa na maji, ambayo huacha utando mwembamba, na ipo isiyo na maji wala kiyeyusho, ambayo unene wote unaopakwa hubaki sakafuni. Hiyo ya mwisho ndiyo imara zaidi kwa gereji. Udhaifu wake ni wa aina mbili: hugeuka njano ikipigwa na jua, na haipitishi mvuke, hivyo sakafu yenye unyevu huisukuma hadi itoe malengelenge.

Ya tano ni poliurethani. Kwa kawaida haipakwi peke yake, bali huwa koti la juu la epoksi. Huvumilia jua na mikwaruzo, na huzuia epoksi isigeuke njano karibu na mlango.

Kutokana na hayo, uamuzi kwa gereji ya Nkanka unaweza kusemwa kwa uwazi. Sakafu yenye shitingi chini yake, iliyofaulu kipimo cha plastiki katika msimu wa mvua, inastahili epoksi ya makoti mawili, na poliurethani juu pale jua linapoingia. Sakafu ya zamani, isiyojulikana ilivyojengwa, au iliyokatwa kwenye ubavu wa mlima na kuonyesha unyevu, inastahili dawa ya kugumisha. Mwonekano wake ni wa kawaida, lakini itakuwa mahali pake miaka mingi baada ya epoksi ya jirani kubanduka.

Baada ya uchaguzi huja matayarisho, na hapa ndipo ubora wa kazi unapoamuliwa. Madoa ya mafuta husafishwa kwanza, kabla ya kusugua chochote, ili mafuta yasisambazwe. Humwagiwa maji ya moto yenye sabuni kali ya kuondoa grisi, husuguliwa kwa brashi ngumu, hufyonzwa kwa maranda ya mbao, na kazi hurudiwa hadi tone la maji likidondoshwa mahali hapo linywewe badala ya kusimama kama lulu. Tone linalosimama linaonyesha kwamba mafuta bado yapo, na rangi nayo itakataliwa vivyo hivyo.

Kisha uso hufunguliwa. Njia bora ni grinda yenye kikombe cha almasi, inayoondoa ukoko wa juu na kuuacha uso wenye mkwaruzo kama msasa. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu bila kurudi nyuma, kwa hiyo fundi avae barakoa halisi ya vumbi, siyo kitambaa, na mashine iunganishwe na kivuta vumbi ikiwezekana. Njia ya pili ni asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali, takriban kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji. Sheria yake haina mjadala: asidi hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayatiwi kwenye asidi. Glavu, miwani na buti za mpira ni lazima. Baada ya povu kutulia, sakafu huoshwa mara kadhaa kwa maji mengi, na maji hayo yasielekezwe bustanini wala ziwani kabla ya kupoozwa kwa magadi. Asidi haiondoi mafuta na huongeza maji kwenye zege, kwa hiyo grinda ikipatikana itangulizwe.

Nyufa zina umuhimu wa pekee Rusizi. Wilaya hiyo iko katika Bonde la Ufa la Magharibi, na tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, likaua watu na kubomoa majengo. Ufa katika sakafu haupakwi rangi tu kama doa. Kwanza huchunguzwa kama umetulia: mstari wa penseli huchorwa kuukatiza, na baada ya miezi michache hutazamwa kama ncha zake bado zinakutana. Ufa uliotulia hupanuliwa kwa grinda kwa umbo la herufi V, hupulizwa vumbi, na kujazwa epoksi nzito iliyochanganywa na mchanga mkavu. Ufa unaotembea, pamoja na maungio yaliyokatwa makusudi ili zege lipumue, hujazwa kijazio kinachonyumbulika cha poliurethani. Ukijazwa kitu kigumu, zege litapasuka tena pembeni yake, na rangi itapasuka nalo.

Kiasi cha epoksi hupigiwa hesabu mapema. Lita moja ya epoksi isiyo na kiyeyusho hufunika mita nne za mraba kwa unene wa robo milimita. Gereji ya mita 3 kwa 6 ina mita za mraba 18, hivyo koti moja ni lita nne na nusu, makoti mawili ni lita tisa, na lita moja ya ziada kwa ajili ya inayopotea kwenye ndoo na rola. Anayeagiza kutoka Kigali anunue vyote kwa mara moja, utomvu na kigumishi chake vya toleo moja, na asome tarehe kwenye makopo. Kukosa nusu lita katikati ya kazi huacha mpaka usiofutika sakafuni.

Siku ya kupaka huchaguliwa kwa kuangalia anga, na kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho wakati wake. Joto la sakafu liwe kati ya nyuzi 10 na 30 za Selsiasi, na liwe juu ya kiwango cha umande kwa angalau nyuzi tatu. Kando ya ziwa hewa ya alfajiri huwa na unyevu mwingi, hivyo kazi ianze umande ukishakauka na imalizike mapema alasiri, ili rangi ishike kabla ya ubaridi wa usiku. Epoksi inayopata unyevu ikiwa bado mbichi hutoa juu yake utando unaoteleza kama nta, na koti la pili halitashika mpaka utando huo uoshwe kwa maji na sabuni na sakafu ikauke. Mlango unaopigwa na jua hufunikwa, kwa sababu zege linalopashwa joto hutoa hewa kutoka vitunduni na kuacha mapovu kwenye rangi.

Utomvu na kigumishi hupimwa kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na uwiano huo haukisiwi kwa jicho. Kuongeza kigumishi ili rangi ikauke haraka ni kosa linaloiacha laini milele. Mchanganyiko hukorogwa polepole kwa dakika tatu, humiminwa kwenye ndoo ya pili safi, na kukorogwa tena, ili kilichoganda pembeni mwa ndoo ya kwanza kisifike sakafuni kikiwa hakijachanganyika. Tangu hapo muda unahesabika. Rangi iliyorundikana ndoani hujipasha joto na kuganda, na joto likipanda kwa nyuzi 10 muda wa kuitumia hupungua karibu kwa nusu. Bugarama, ambako ni chini na joto zaidi, fundi huchanganya kidogo kidogo kuliko Nkanka.

Kingo hupakwa kwa brashi, na katikati kwa rola, kuanzia ukuta wa ndani kurudi mlangoni. Koti la kwanza huwa jembamba ili linywewe na zege. La pili hupakwa siku inayofuata, likipitishwa kwa kukatiza mwelekeo wa la kwanza. Muda ulioandikwa kwenye kopo ukipita, uso hukwaruzwa kwa msasa kwanza. Kwa kuwa epoksi iliyolowa huteleza, mchanga mweupe mkavu uliooshwa na kuchekechwa hunyunyizwa juu ya koti likiwa bichi. Madirisha yawe wazi, moto wa jiko uwe mbali, na ngozi ifunikwe, kwani epoksi mbichi huleta mzio ambao fundi akishaupata hubaki nao.

Baada ya saa 24 watu wanaweza kupita. Gari lisubiri siku saba, na zaidi kama usiku ni wa baridi. Kutoka hapo matunzo ni mepesi: kufagia mchanga unaokwaruza, kuosha kwa sabuni laini, na kufuta mara moja maji ya betri na mafuta ya breki yanapomwagika. Palipochubuka parekebishwe pangali padogo.

Mwenye gereji anayepanga kazi hii aanze na kipande cha plastiki, utepe wa gundi na subira ya msimu mmoja wa mvua. Jibu litakaloonekana chini ya plastiki hiyo ndilo limwongoze dukani, na fedha atakayoitumia kukausha na kusafisha zege itamfaa kuliko ile atakayoiongeza kwenye kopo la bei kubwa.